Chombo Kimoja, Uzima Mmoja: Jumuiya na Afya kutoka Jahazini hadi Mbulu na Hanang



Huenda baadhi yenu mmejiuliza kwa nini mhadhara kuhusu nyanda za juu za Mbulu na Hanang unaanzia baharini, ilhali wilaya hizo ziko mbali sana na pwani. Sababu yangu ya kwanza ni ya kiisimu. Katika Kiswahili, afya na ukamilifu hubebwa na shina moja. Mtu asiyeumwa ni mzima. Mkate usiomegwa ni mzima pia. Lugha yenyewe, basi, inatuelekeza kufikiri kwamba kuugua ni kupungukiwa, na kupona ni kurudi katika ukamilifu. Swali la mhadhara huu ni hili: ukamilifu wa nani? Wa mwili wa mtu mmoja, au wa kundi analoishi nalo?

Tuanze na chombo. Neno hili hutaja jahazi na pia sufuria, na hakuna mahali ambapo maana hizo mbili hukaribiana kama katika maisha ya mabaharia. Alan Villiers, baharia na mwandishi aliyezaliwa Australia, alisafiri kwa jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, akipitia Zanzibar hadi delta ya Rufiji, ambako boriti za mikoko zilipakiwa. Kitabu alichochapisha mwaka 1940 kinasimulia watu walioishi kwa miezi mingi juu ya sitaha, wakila kutoka sinia moja na kuimba wakati wa kazi. Wimbo huo haukuwa pambo. Foromali nzito haipandi mpaka mikono yote ivute kwa pigo moja. Baharia aliyeshikwa na homa alilala hapo hapo, machoni pa wenzake, kwa kuwa chombo hakina mahali pa kumficha mgonjwa. Wenzake walijua hali yake kabla hajaulizwa.

Hata hivyo, ukaribu huo ulikuwa na hatari yake: ugonjwa wa mmoja uliweza kuwa wa wote. Ndiyo maana bandari zilianzisha karantini. Kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Zanzibar, kilijengewa gereza mwaka 1893, lakini baadaye kikatumika kuwaweka wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi. Hapa ndipo tunapokutana na upande wa pili wa jumuiya: ili kulinda wengi, wachache hutengwa.

Ni upande huo unaotupeleka Mbulu. Eneo hili ni hazina kwa mwanaisimu, kwani ndani yake na kandokando yake hukutana Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, lugha za Kibantu, na Kihadza ambacho hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, Wairaqw wengi waliishi katika vilima vya Kainam, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, huku nyanda za chini zikiwa mikononi mwa wafugaji. Naomba mniruhusu kulinganisha: Kainam ilikuwa kama jahazi lililotia nanga juu ya mlima. Ardhi ilikuwa finyu, nyumba zilikaribiana, na kazi za shamba na mifugo zilihitaji ujima.

Katika mazingira hayo ilikuwepo desturi iitwayo meeta, ambayo wanaanthropolojia wameieleza kwa kina. Aliyefiwa na mwenzi wa ndoa au mtoto, miongoni mwa wengine, alihesabiwa kuwa amepatwa na unajisi ambao ungeweza kuwadhuru majirani. Hakuingia nyumba za watu wala kushiriki pombe ya pamoja mpaka muda wake ulipokwisha na kutakaswa. Tusikimbilie kuwacheka wazee. Mantiki yao ilifanana na ya wakuu wa bandari: balaa huambukiza, na umbali ni kinga. Tofauti ni kwamba karantini ya Changuu ilimlenga msafiri aliyeshukiwa kubeba maradhi ya mwili, ilhali meeta ilimwangukia mwenye msiba, yaani mtu aliyekuwa na haja kubwa kuliko wote ya kufikiwa na watu.

Sayansi ya leo inatusaidia kupima gharama hiyo. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walichambua tafiti 148 zilizohusu zaidi ya watu 300,000, wakaona kwamba wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa takribani asilimia 50, kuliko wenye mahusiano dhaifu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Jumuiya, basi, ni dawa kwa aliyemo. Kwa aliyetolewa, kukosekana kwake ni maradhi.

Katika karne ya 20 meeta ililegea sana, na makanisa pamoja na utawala vilichangia mabadiliko hayo. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Walionusurika walipewa hifadhi ya pamoja shuleni. Watu waliwaendea wafiwa hadharani.

Hitimisho langu ni fupi. Tusiisifu jumuiya kwa jumla, kana kwamba kila mkusanyiko huponya. Tuulize: je, inamfanya nini mgonjwa, mjane, mgeni? Wanafunzi wangu, mkienda Mbulu kukusanya msamiati wa afya, msiishie kwenye majina ya maradhi na mitishamba. Kusanyeni pia maneno ya kutenga na ya kurudisha, kwani humo ndimo jamii huhifadhi kumbukumbu ya waliobaki nje ya chombo.