Sheria Zinazompisha Mzee

Katika softiboli ya kawaida, hakuna mahali pa hatari kama kituo cha nyumbani. Mkimbiaji anatoka kituo cha tatu kwa kasi yake yote. Mdakaji amemkabili, anasubiri mpira uliorushwa kutoka mbali, na mara nyingi hawezi kumtoa mchezoni bila kumgusa nao. Miili miwili inagombea sehemu moja kwa wakati mmoja. Vijana wakigongana hapo huinuka, wakajipangusa vumbi, mchezo ukaendelea. Mtu wa miaka 70 anaweza kuondoka akiwa amevunjika nyonga.

Ligi nyingi za wazee nchini Marekani zimemaliza hatari hiyo kwa mstari wa chaki na kibao cha pili cha kituo cha nyumbani. Kibao cha zamani kinabaki cha mdakaji, na cha mkimbiaji kinawekwa pembeni, hatua chache kutoka hapo. Kati ya kituo cha tatu na nyumbani unachorwa mstari, na mkimbiaji akishauvuka hana ruhusa ya kurudi. Basi hakuna haja ya kumgusa tena. Mdakaji akiushika mpira huku mguu wake uko juu ya kibao chake kabla mwenzake hajafika, mkimbiaji ametoka. Mkimbiaji akikanyaga kibao cha mdakaji, ametoka vilevile. Mbio zimebaki, ubishi wa nani kawahi umebaki, na mwamuzi bado ana kazi ya kukodoa macho. Kilichoondolewa ni mgongano peke yake.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha sheria ya wazee: iondoe kinachovunja mwili, iache kinachomfanya mtu atamani kurudi uwanjani wiki ijayo.

Kwa kipimo hicho, wana softiboli wamefanya mengi mazuri. Kituo cha kwanza kimegawanywa pande mbili, upande mweupe wa mlinzi na upande wa rangi ya chungwa wa mpigaji anayekuja mbio, ili miguu isikanyagane. Timu huruhusiwa mara nyingi kuweka walinzi 11 badala ya 10, ili kila mmoja awe na eneo dogo zaidi la kukimbilia. Mashindano mengi pia huweka kikomo cha alama tano kwa kila zamu ya kupiga, isipokuwa ya mwisho. Hivyo timu dhaifu haisimami juani nusu saa nzima ikiokota mipira, na mlango wa kupindua matokeo haufungwi. Hata hivyo, sheria ninayoipenda kuliko zote ni ya mkimbiaji wa badala. Mzee mwenye goti bovu anapiga mpira, anajikokota mpaka kituoni, kisha mwenzake anachukua nafasi yake ya kukimbia. Zamu yake ya kupiga ikifika tena, anarudi kushika gongo. Hakutolewa, na hakuna aliyemwonea huruma. Imeandikwa kwamba ni haki yake.

Ila kuna mahali sheria hizo zimejikanyaga zenyewe. Magongo yanayokubaliwa katika baadhi ya mashindano makubwa ya wazee huurudisha mpira kwa kasi kuliko yanayokubaliwa katika ligi nyingi za vijana. Nia inaeleweka, maana mikono imepoteza nguvu na gongo linairudishia. Lakini mrushaji yupo pale pale, kama mita 15 tu kutoka kwa mpigaji, na macho yake nayo yana umri ule ule wa miaka 70. Ndiyo maana siku hizi utawaona warushaji wamevaa barakoa ya chuma usoni. Ukimwongezea mpigaji nguvu, ni wajibu wako kumwongezea mrushaji ulinzi, na ulinzi huo uwe lazima, si hiari ya mtu.

Wapo wanaolalamika kwamba mabadiliko haya yanauharibu mchezo. Walalamikao wanasahau ulikotoka. Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya jengo la klabu ya mashua, George Hancock na wenzake walipofunga glavu ya ndondi ikawa mpira na kuipiga kwa mpini wa ufagio. Ni beisiboli iliyopunguzwa ili ienee chini ya paa wakati wa baridi. Na wazee hawakuchelewa kuudai mchezo huu: huko St. Petersburg, Florida, klabu ya wachezaji waliotimiza miaka 75 ilianzishwa mwaka 1930.

Waingereza wamekata mahali pengine kabisa. Mwaka 2011, katika mji wa Chesterfield, lilianza soka la kutembea. Humo ni marufuku kukimbia: mguu mmoja lazima uwe ardhini wakati wote, hata ukiwa huna mpira. Ukikimbia, wapinzani wanapewa mpira wa adhabu. Mpira hauruhusiwi kupita urefu wa kichwa, na kusukumana hakukubaliki. Wamarekani walizibakisha mbio wakaondoa mgongano. Waingereza waliziondoa mbio zenyewe, maana ndizo zinazochana misuli ya nyuma ya paja. Anayeudharau mchezo huu hajauona ukichezwa vizuri. Kwa kuwa huwezi kumkimbia mtu, inabaki pasi, na pasi hudai kichwa. Kiungo wa zamani aliyekuwa akitegemea akili kuliko mapafu anarudi kuwa mfalme wa uwanja.

Wajapani nao hawakukata chochote. Waliuchukua mchezo mwingine. Gateboli ilibuniwa na Suzuki Kazunobu huko Hokkaido mwaka 1947, kwa kufuata kroketi, nayo ililengwa kwa watoto baada ya vita, wakati vifaa vya michezo vilikuwa adimu na mbao zilipatikana. Baadaye wazee wakaukumbatia mpaka ukaonekana wao. Timu za watu watano zinagonga mipira kwa nyundo kupitia mageti matatu hadi kwenye nguzo, kwa dakika 30. Mtu wa miaka 85 anaweza kumshinda wa 40 bila kupunguziwa hata nukta moja. Ni hekima kubwa hiyo. Lakini aliyepiga gongo ujana wake wote ataiona kama mchezo mwema wa watu wengine, na kwake naona softiboli iliyorekebishwa inamtendea haki zaidi.

Huko Limpopo, Afrika Kusini, somo ni tofauti. Vakhegula Vakhegula ni timu ya soka ya mabibi iliyoanzishwa na Beka Ntsanwisi, na mwaka 2010 ilisafiri hadi Massachusetts kucheza na maveterani wenzao. Kilichowazuia mabibi hao kabla ya hapo hakikuwa kwenye kitabu cha sheria. Ilikuwa ile imani kwamba bibi mahali pake ni nyumbani na wajukuu. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na ndiyo iliyowaweka nje kwa miaka mingi kuliko goti lolote bovu.

Jambo hilo linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Maveterani wetu wanacheza kila mwisho wa wiki, na karibu kila kitu kinategemea kuheshimiana. Mzee asikwatuliwe, mzee apewe nafasi, wote wanajua. Lakini bonanza likiwa na kombe na mbuzi wa zawadi, heshima hupungua. Wanaletwa mamluki wa miaka 28, na mzee wa kweli anakalishwa benchi mpaka filimbi ya mwisho. Aliyezoea kupishwa kwa hisani hana pa kudai hisani inapokwisha.

Waandaaji wa mabonanza wachape karatasi moja. Umri uthibitishwe kwa kitambulisho kabla ya mechi. Kukwatua kwa kuteleza kuwe rafu hata kama mpira umeguswa. Aliyetoka aruhusiwe kurudi, mara nyingi apendavyo. Wachezaji watatu uwanjani, wakati wote, wawe wamevuka 55. Kinamama wawe na mechi yao kwenye ratiba hiyo hiyo, tena saa ya jua jepesi, si ya kujazia muda. Kiungo wa miaka 62 atakuwa na kifungu cha kumwonyesha refa.