Kuvuruga Utoaji Haki

Kuvuruga utoaji haki ni kosa la jinai. Hulitenda mtu anayekusudia polisi, waendesha mashtaka au mahakama wasiufikie ukweli: akaharibu ushahidi, akamtisha shahidi, akamhonga mshtakiwa anyamaze, au akamwamuru mpelelezi aache kazi yake.

Mara nyingi kosa hili hutafsiriwa "kuzuia haki". Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, haki ni pia stahili ya mtu, na msomaji anaweza kudhani kuna aliyedhulumiwa mshahara au urithi. Pili, aliyezuia jambo huwa amefaulu, ilhali sheria haingoji mkosaji afaulu.

Kisa cha Rais Richard Nixon wa Marekani kinalidhihirisha hilo. Tarehe 17 Juni 1972, watu watano walikamatwa usiku wakiwa na vifaa vya kunasia mazungumzo ndani ya ofisi za chama cha Democratic, katika jengo la Watergate, Washington. Nyayo za fedha zikaelekea kwenye kamati ya kampeni ya Nixon. Haijathibitika kwamba yeye ndiye aliyewatuma; kilichomponza ni alichofanya baadaye. Tarehe 23 Juni, akizungumza ofisini na msaidizi wake H. R. Haldeman, aliridhia shirika la ujasusi, CIA, liwaambie wapelelezi wa FBI wauache uchunguzi kwa kisingizio cha usalama wa taifa. Vinasa sauti alivyovitega mwenyewe vilirekodi mazungumzo hayo. Machi 1973, alipoelezwa kwamba kuwanyamazisha washtakiwa kungeweza kugharimu dola milioni 1, alijibu kwamba fedha hizo zingepatikana.

Uchunguzi haukuzimika, lakini kosa lilikwisha kutendeka. Tarehe 27 Julai 1974, Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi ililiweka kosa hilo katika kifungu cha kwanza cha mashtaka dhidi yake, kwa kura 27 dhidi ya 11. Kanda ya 23 Juni ilipotolewa hadharani tarehe 5 Agosti, watetezi wake wakamkimbia. Tarehe 9 Agosti akang'atuka, yeye aliyekuwa ameshinda majimbo 49 kati ya 50.

Kwa hiyo napendekeza tushike "kuvuruga utoaji haki". "Kuvuruga" hulitaja tendo lenyewe, lifaulu lisifaulu. "Utoaji" huonyesha kinachoharibiwa, yaani kazi ya wapelelezi na mahakama, ambayo ni amana ya wananchi wote. Tukiandika hivyo, msomaji ataelewa kwa nini kiongozi huweza kuangushwa kwa kuvuruga uchunguzi wa uhalifu ambao hakuthibitishwa kuuagiza.