Negativi Kwenye Bahasha, Harusi Kwenye Diski

Kabla kompyuta hazijaingia kwenye studio za picha za Nakuru, mali kubwa ya mpigapicha haikuwa kamera. Ilikuwa kabati la negativi. Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa na lake la chuma, na ndani yake bahasha za kaki zilizopangwa kwa mwezi na mwaka. Juu ya kila bahasha aliandika jina la mteja, mahali na tarehe: harusi ya Elburgon, kipaimara cha Bahati, mazishi ya Njoro. Filamu moja ya milimita 35 ilitoa picha 36. Ikishasafishwa ilikatwa vipande vifupi na kuwekwa pamoja na nyingine za kazi hiyo, na harusi ya filamu nne ilikaa kwenye bahasha nyembamba kuliko daftari la shule. Tatizo la nafasi hatukulijua.

Mteja alikwenda na picha zake, negativi zikabaki kwetu. Hakuna aliyekaa chini akaupanga utaratibu huo kwa ajili ya usalama. Kazi yenyewe ndiyo iliyoudai, maana bila negativi huwezi kuchapa nakala nyingine, na nakala ndizo zilizotulisha. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kila picha iliishi nyumba mbili.

Maana ya jambo hilo tuliiona mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vita vilienea Bonde la Ufa, na mwishoni mwa Januari vikaingia Nakuru mjini. Familia zilizofurushwa Molo, Kuresoi na kwingineko zilijaa kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho ya kilimo. Miezi ilipopita na watu kupata pumzi kidogo, baadhi yao walianza kuja studio. Walikuwa wamepoteza nyumba, ng'ombe na vyeti vya shule, na bado walikuja kuuliza picha. Mama mmoja alitaka ya ndoa yake. Kijana mwingine alitaka ya babake, yoyote ile, hata ya kipande. Waliopigwa picha enzi za filamu tuliwafungulia kabati, na mara nyingi tuliwapata. Waliopigwa kwa kamera za dijitali tuliwatafuta kwenye sidi zilizochomwa haraka haraka. Nyingine zilisomeka, nyingine zilizunguka tu ndani ya kompyuta bila kuonyesha kitu. Mama niliyemtaja alikuwa wa enzi ya filamu. Tulimchapia na hatukumdai shilingi.

Sasa nieleze jinsi tulivyotoka kwenye kabati na kufika kwenye diski, kwa sababu watu hudhani kompyuta ilikuja kuongeza nafasi. Katika kazi yetu ilikuja na njaa ya nafasi.

Flopi ilikuwa na megabaiti 1.44, na picha moja nzuri ya kamera ya megapikseli tatu iliweza kuijaza. Sidi ya megabaiti 700 ilitusaidia kwa picha. Kilichotushinda ni video. Kanda ndogo ya MiniDV ya saa moja, ukiiingiza kwenye kompyuta, ilikula takriban gigabaiti 13. Kompyuta nyingi tulizokuwa nazo mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na diski ya gigabaiti 40. Piga hesabu ya sherehe ya mahari, iwe ruracio kule Subukia au koito kule Rongai, ambako wazee hawaharakishwi: kanda tatu ni gigabaiti 39. Sherehe moja ilijaza mashine nzima, hata kabla hujapata nafasi ya kuihariri, na Jumamosi nyingine ilikuwa inakuja na harusi yake.

Hapo ndipo kuhamisha kulipoanza. Diski za nje za kwanza tulizozitumia zilikuwa diski za kawaida za kompyuta ya mezani zilizofungwa ndani ya kasha, na kila moja ilikuwa na adapta yake ya stima. Stima ikipotea katikati ya kazi, na ilipotea sana, diski nayo ilizimika. Baadaye zikaja ndogo za kutia mfukoni, zinazonyonya umeme kupitia waya wa USB wenyewe. Mafundi wa mjini waliziita eksteno na jina likashika. Nyingi zilitoka dukani zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Mtu alinunua diski kubwa, akajaribu kuingiza video ya harusi, ikakataa, akairudisha dukani akilalamika ni mbovu. Fundi aliibadilisha kwa NTFS na kazi ikaendelea.

Bei zilishuka mwaka hadi mwaka, kisha mwishoni mwa 2011 zikaruka ghafla. Mafuriko yalikuwa yamefunika viwanda nchini Thailand, ambako sehemu kubwa ya diski za dunia zilikuwa zikitengenezwa. Sisi wa Nakuru tuliyasikia mafuriko hayo kwenye kaunta ya duka la kompyuta. Studio zilizokuwa zimezoea kununua diski mbili kwa mara moja zikaanza kununua moja.

Naona hapo ndipo desturi mbaya ilipokomaa, ingawa ilikuwa imekwisha kuota. Kompyuta ikitoa onyo kwamba nafasi imekwisha, mtu anakata folda ya mwaka mzima na kuibandika kwenye eksteno. Kompyuta inapumua, naye anafurahi kwamba amehifadhi. Hajahifadhi chochote. Amehamisha. Unapokata faili kutoka diski moja kwenda nyingine, kompyuta huinakili kwanza upande wa pili, kisha huifuta ilikotoka. Baada ya hapo harusi iko mahali pamoja tu, kwenye kifaa ambacho ndani yake kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Kiangushe kutoka mezani kikiwa kinazunguka, na miaka mitano ya watu wa Gilgil, Naivasha na Nyahururu inaweza kwenda na mlio mmoja.

Nakala ya dijitali haigharimu karatasi wala dawa za kusafishia. Ingekuwa rahisi kuliko wakati wowote kuwa na nyumba mbili kwa kila picha, au hata tatu. Badala yake, biashara yetu ilirudi kwenye nyumba moja, kwa sababu kila mtu alikuwa akipigania nafasi ya kazi ya Jumamosi ijayo. Na mteja wa leo hashiki albamu. Anapokea picha kwenye flashi au kwenye simu, simu inapotea kwenye matatu, na anaporudi kwetu anaamini kwamba studio haipotezi kitu.

Wengine huniambia niweke kila kitu mtandaoni. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, na sikatai kwamba intaneti yetu ilibadilika kabisa. Lakini chukua harusi ya gigabaiti 60 na laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde: itachukua zaidi ya saa 26 mfululizo, bila kukatika. Kwa eksteno ya USB 3.0 kazi hiyo huisha kwa dakika kumi hivi. Picha chache bora nazipandisha mtandaoni. Video bado inakaa kwenye rafu.

Na kuna picha ambazo haziwezi kupigwa tena. Zamani maharusi wengi wa hapa walitaka kupigwa picha kando ya Ziwa Nakuru, nyuma yao ukingo wote ukiwa waridi kwa heroe. Maji yalipopanda katika miaka ya 2010, yalifunika geti kuu la zamani la mbuga na barabara tulizokuwa tukipita, na maji yalipopungua chumvi heroe wengi walihamia Bogoria na kwingineko. Miti ya migunga iliyokuwa kivuli chetu imesimama mikavu ndani ya maji. Ukifuta folda ya 2006 ili upate nafasi, umefuta ufuo huo pia. Kwa hiyo mimi sifuti kazi ya zamani ili kupata nafasi. Ninapojaza diski, nanunua nyingine mbili.

Utaratibu wangu nimeuiga kwa yule mzee na bahasha zake. Folda inaandikwa mwaka, mwezi, mahali na jina la ukoo. Nanakili, sikati. Nafungua faili kadhaa kwenye eksteno kuona kama zinacheza kweli, kisha nanakili kwenye eksteno ya pili, na hiyo ya pili hailali studio, inalala nyumbani Lanet. Ndipo nafuta kwenye kompyuta. Sichomoi waya kabla ya kuiambia kompyuta itoe diski, kwa sababu inaweza kukwambia imemaliza huku kipande cha mwisho kikiwa bado kwenye kumbukumbu yake. Diski inayokaa bila kuguswa naiwasha mara moja moja. Tangu sheria ya ulinzi wa data ya 2019 ipitishwe, namuuliza pia mteja kama anakubali nimtunzie, na anayekataa namkabidhi kazi yake yote na kuifuta kwangu. Wanaokataa ni wachache.

Wanaorudi wanarudi zaidi kwa ajili ya mazishi. Mtu amefariki Kaptembwa usiku, na asubuhi mtoto wake yuko mlangoni akitafuta picha ya kuweka mbele ya programu ya ibada. Mara nyingine namfungulia kitu asichokuja kukitafuta: baba yake akitoa hotuba kwenye harusi ya mwaka 2005, kwa sauti yake mwenyewe.

Kazi iliyobaki ni ya kanda. Za MiniDV nilizorithi bado ziko kwenye makasha, na kuzitoa kunahitaji kamera ya zamani inayocheza na kompyuta yenye tundu la FireWire, ambalo mashine mpya hazina. Zangu zote mbili zinafanya kazi leo. Kanda ya saa moja huingia kwa saa moja, haiharakishwi, kwa hiyo nimetenga Jumatatu na Jumanne kwa ajili hiyo peke yake. Mwenye kanda za harusi au za mazishi mahali popote kati ya Naivasha na Molo, ambazo studio iliyozipiga imefungwa, azilete pamoja na diski yake. Nitamwekea nakala moja kwake na nyingine kwangu.