Goti la Mpagazi katika Njia ya Tunduma

Mji wa Tunduma, ulio katika Mkoa wa Songwe, umekaa penye mpaka wa Tanzania na Zambia. Waingereza na Wajerumani walipopatana juu ya mpaka huo mwaka 1890, ulipangwa ili Njia ya Stevenson, baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ibaki upande wa Waingereza. Kabla ya magari, shehena ya njia hiyo ilichukuliwa na watu; hata meli iitwayo Good News, iliyoelea Tanganyika mwaka 1885, ilifika ziwani vipande vipande.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kwa kawaida ratili 60 mpaka 70. Wanyamwezi, mabingwa wa kazi hiyo, hawakuianza ukubwani: mtoto wao alizoezwa kwa kubebeshwa pembe ndogo ya ndovu. Desturi hiyo ilikuwa na hekima. Gegedu la kiungo halina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji kiungo kinapolemewa na kupumzishwa kwa zamu, na mwendo wa utotoni hulikuza. Misuli na mifupa ya mtu mzima huongezeka nguvu kwa mazoezi, bali gegedu lake hubadilika kidogo mno.

Vita vya 1914–1918 havikujali zamu hiyo. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Northey lilivuka mpaka huu kuwaendea Wajerumani, na nyuma yake walifuata wapagazi, wengi wao wakiwa wameshurutishwa. Mkulima aliyeshika jembe jana alitwishwa mzigo leo, pasipo muda wa kuzoea wala hiari ya kupumzika. Historia imeandika habari za vifo vyao kwa njaa na maradhi. Magoti ya waliorudi yameandikwa kidogo.

Uchunguzi uliojumlishwa mwaka 2017 ulionyesha maradhi ya nyonga na magoti, ambayo wengi huyaita baridi yabisi, kwa asilimia 3.5 ya watu wakimbiao kujiburudisha, 10.2 ya wasiokimbia, na 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Takwimu hizo peke yake hazithibitishi sababu, lakini zapinga dhana kwamba kiungo huchakaa kwa kutumiwa tu. Kulemaa kwa kukaa kwaweza kudhuru, na kupita kiasi vilevile. Kuna na tofauti ambayo takwimu haziipimi: mkimbiaji aumwapo na goti husimama, mpagazi hakuwa na ruhusa hiyo.