Michezo Miwili na Fomu Moja

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi mliokimbia mchakamchaka pamoja nami wakati ukungu ungali umelala juu ya migomba, mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za michezo ya shule yetu. Michezo yetu ni mingi na kurasa ni chache. Basi nimeona heri niandike juu ya jambo moja tu ambalo limenikaa moyoni kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Nalo ni jinsi vyuo vikuu vya Marekani vilivyochukua vijana wa Afrika Mashariki kwa ajili ya michezo, na jinsi mwenzetu mmoja, aliyekuwa hodari katika michezo miwili, alivyokaribia kuwa mmoja wao. Jina lake sitalitaja; amenikataza, nami nimemwahidi. Hata hivyo wengi wenu mtamtambua kabla hamjafika nusu ya habari hii.

Yafaa kwanza tuelewe mambo ya wenzetu. Katika Marekani chuo kikuu ndicho kitalu cha michezo. Chuo kina uwanja, kina makocha walioajiriwa, na kina fedha za kuwalipia karo, chakula na malazi vijana watakaokichezea. Kocha hangoji vijana waje. Huwafuata wangali katika shule za sekondari, akawaandikia barua na kuwaahidi nafasi, sawasawa na mlanguzi wa butura anayenunua kahawa ingali mtini. Kama ilivyo katika butura, mnunuzi huangalia maua na kukisia mavuno, na mara nyingine mwenye shamba ndiye anayekuja kugundua kwamba ameuza kwa bei ya bure.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Stephen Machooka wa Kenya alikuwa tayari akikimbilia chuo cha Cornell. Lakini mlango wenyewe ulifunguliwa na michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, pale Wakenya Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott waliporudi na medali za dhahabu katika mbio za meta 1,500, 10,000, na za kuruka viunzi na maji. Makocha wa Marekani wakafungua ramani. Julius Sang na Robert Ouko walichukuliwa na chuo cha North Carolina Central, na mwaka 1972 wakawa katika kikosi cha Kenya kilichoshinda dhahabu ya kupokezana vijiti kule Munich. Chuo cha Washington State nacho kikajaza Wakenya: John Ngeno, Samson Kimobwa, Joshua Kimeto, na huyo Henry Rono ambaye mwaka 1978, kuanzia Aprili hadi Juni, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81.

Msomaji wa Bukoba hahitaji kukumbushwa mwaka 1978 ulimaliziaje kwetu. Mwezi wa Oktoba majeshi ya Amin yaliingia, daraja la Kyaka likavunjwa, na watu wakakimbia wakiwa na mikeka kichwani. Siwezi kusema ni wakimbiaji wangapi wangetokea katika shule zetu miaka ile. Ninalosema ni kwamba wakati kocha wa Marekani alipokuwa akitafuta majina ya vijana wa ukanda huu, majina ya kwetu yalikuwa katika orodha za namna nyingine.

Lakini Kanda ya Ziwa haikukosa mtu kabisa. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita ng'ambo ya pili ya ziwa letu, alichukuliwa na chuo cha Texas kilichoko El Paso. Alishinda mbio za meta 10,000 za vyuo vyote vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya meta 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na mwaka huohuo akashinda pia mbio za nyika za vyuo. Alizaliwa mwaka 1953, kwa hiyo ushindi wa mwisho aliupata akiwa na miaka 29, akishindana na vijana waliotoka sekondari juzi. Wenyeji walinung'unika, na baadaye sheria za umri zikakazwa.

Hapa ndipo penye siri ambayo mimi mwenyewe nimeielewa nikiwa mtu mzima. Kwa Wamarekani, mbio za nyika ni mchezo mmoja na mbio za uwanjani ni mchezo mwingine. Nyika hukimbiwa majira ya kupukutika majani, mbio za ndani ya jengo wakati wa baridi kali, na za uwanjani majira ya kuchipua. Mkimbiaji mmoja wa masafa marefu, kwa karo moja, humtumikia kocha mwaka mzima. Kwa miaka mingi, hadi 2025, chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa nafasi kamili 12.6 tu za ufadhili kwa wanaume wa riadha na nyika kwa pamoja. Nafasi hizo zilikatwa vipande na kugawanywa kama nyama ya harusi. Kocha mwenye vipande vichache angemtaka nani, kama si yule atakayemjazia misimu mitatu?

Na aliyecheza michezo miwili kwelikweli? Sheria ilikuwa na kifungu chake. Kijana aliyepewa fedha, akacheza kandanda la Kimarekani pamoja na mchezo mwingine, alihesabiwa upande wa kandanda. La sivyo kocha wa kandanda angewaficha wachezaji wake katika orodha ya wakimbiaji. Mimi mtumishi wa serikali nilipokisoma kifungu hicho nilicheka peke yangu ofisini. Watu wote duniani hujua kuficha watumishi katika fungu la idara nyingine.

Iko njia nyingine ya kuchukuliwa, nayo ni ya urefu. Hakeem Olajuwon wa Lagos alikuwa mlinda mlango wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono, wala hakushika mpira wa kikapu mpaka alipokuwa kijana mkubwa. Mwaka 1980 alifika chuo cha Houston, na mwaka 1984 akawa wa kwanza kuchaguliwa na timu za kulipwa. Wanaojua mchezo huo husema miguu yake myepesi ilitoka katika ile michezo miwili ya kwanza. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa meta 2.21, alichezea chuo cha Connecticut kuanzia 2006, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na timu ya Memphis. Urefu hauhitaji cheti. Mtu huonekana akiwa bado mlangoni. Mkimbiaji ni lazima aandikwe.

Sasa narudi kwa mwenzetu.

Alikuwa kiungo katika timu ya soka ya shule, na alikuwa mkimbiaji wa meta 5,000. Shuleni kwetu hayo yalikuwa kama kuolewa na waume wawili. Mwalimu wa soka alimtaka apumzike Alhamisi. Mwalimu wetu wa fizikia, aliyeshika riadha, alimtaka Alhamisi hiyohiyo akimbie rweya yote mpaka kwenye mteremko wa ziwa. Mimi nilikuwa kiranja wa michezo. Kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza wote wawili, na kuandika matokeo katika daftari la kurasa mia lenye jalada la bluu.

Mwaka 1999 tulikwenda Kaitaba kwa mashindano ya shule za mkoa. Mbio za meta 5,000 zilikuwa asubuhi, nusu fainali ya soka jioni. Mwalimu wa soka alimwambia akimbie kwa adabu, yaani ashike nafasi ya tatu au ya nne na kuhifadhi miguu. Mwalimu wa fizikia hakumwambia neno. Alikuwa amekuja na saa ya maabara, ile tuliyoitumia kupima mwendo wa pendulamu, ameifunga kwa uzi shingoni.

Mwenzetu alikimbia peku juu ya majani yenye umande. Mizunguko mitatu alikuwa na adabu. Wa nne aligeuka akatazama nyuma, nasi tuliokuwa kando ya uwanja tukajua kwamba adabu imekwisha. Alimaliza akiwa peke yake. Mwalimu alibonyeza saa, akaitazama, akaifuta kwa shati, akaitazama tena, kisha akaniita niandike. Nikaandika. Ilikuwa dakika kumi na nne na sekunde kadhaa. Jioni kwenye soka alichechemea kipindi chote cha pili, tukafungwa bao moja kwa bila, na nahodha hakumsemesha kwa wiki nzima.

Kwa ushindi ule alipaswa kwenda Mwanza kwenye mashindano ya kanda. Mama yake alikataa. Alikuwa amempoteza mdogo wake katika MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na hakuna mwalimu aliyethubutu kubishana naye. Wakashauri aende kwa barabara kupitia Biharamulo na Geita. Mama akauliza kama pale Busisi hawapandi kivuko. Wakakubali kwamba wanapanda. Daraja la pale limefunguliwa mwaka 2025, mama yule akiwa ameshazikwa.

Kwa hiyo mbio za Kaitaba zikabaki kuwa ushahidi wake wa pekee. Mwalimu wa fizikia aliandika barua kwa chuo kimoja cha Marekani, akaeleza habari za kijana huyu, na akaipeleka mwenyewe posta. Tuliisahau. Mwaka uliofuata, nilipokwisha kukabidhi ukiranja, nililiacha daftari la bluu katika stoo ya michezo pamoja na nyavu mbovu. Sikulikabidhi kwa mkono wala sikusema limo humo. Likizoni stoo ilisafishwa na karatasi zote zikapelekwa jikoni kuwashia kuni. Wiki mbili baada ya kufungua shule, barua ya Marekani ikafika.

Ndani yake mlikuwa na fomu. Waliuliza tarehe ya kuzaliwa, masomo, na muda wake katika mbio za meta 800, 1,500, 5,000 na 10,000, kwa dakika, sekunde na sehemu za kumi, pamoja na mahali na tarehe. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja mfupi wa michezo mingine. Tulikaa watatu katika chumba cha maandalizi cha maabara. Mwalimu akaniambia, "Lete daftari." Nikaenda stoo, nikarudi mikono mitupu. Mwenzetu hakusema kitu. Mwalimu alikumbuka dakika, mimi nilikumbuka dakika, lakini sekunde yeye alisema hizi na mimi nikasema zile. Katika mbio hizo sekunde ishirini ni tofauti ya kijana anayetafutwa na kijana anayeshukuriwa kwa barua.

Nilimsihi aandike ya katikati. Alikataa. Alisema hajapata kuandika kipimo asichokuwa nacho, wala hataanza kwa mtoto wa mtu. Fomu ikapelekwa nafasi hiyo ikiwa wazi, na barua ya maelezo imebanwa nyuma yake. Katika mstari wa michezo mingine waliandika: soka. Hatukupata jibu.

Soka lilimchukua kwa njia yake. Mtu mmoja kutoka timu ya shirika la mkoa mwingine alimtazama kipindi kimoja tu, akamwita kando na kumwuliza namba ya viatu. Hakuulizwa jambo jingine. Alicheza misimu mitatu mpaka goti lilipomsaliti, akarudi Muleba kwenye kibanja cha baba yake.

Nimefikiri sana juu ya Iten, kule Kenya. Shule ya St. Patrick's ilisifika kwa mpira wa wavu kabla ya riadha. Colm O'Connell, bruda wa Ireland, alifika pale mwaka 1976 bila ujuzi wowote wa ukocha wa mbio, na kutoka katika shule hiyo akatokea Peter Rono, aliyeshinda meta 1,500 huko Seoul mwaka 1988. Watu husema ni mwinuko wa meta 2,400, na hapana shaka mwinuko unasaidia. Bukoba yetu haifiki hata nusu ya huo. Lakini nadhani palikuwa pia na mtu aliyekaa mahali pamoja miaka mingi, na madaftari ambayo hayakwenda jikoni.

Mwaka jana nilimtembelea mwenzetu. Huwafundisha watoto wa shule ya msingi kukimbia kwenye rweya, huku akiwapima kwa simu na kuandika katika daftari analofungia kabatini. Tulikula matoke na samaki, tukazungumza habari za kahawa. Wakati wa kuagana aliniuliza, akitabasamu, kama daftari la bluu nimeshaliona.

Mwalimu wetu wa fizikia alikwisha kufariki. Lakini siku ile Kaitaba tulikuwa wengi kando ya uwanja, na nakumbuka mvulana mmoja wa kidato cha tatu alisimama begani kwangu akisoma nilichokuwa nikiandika. Kama ni wewe, au kama yuko mwingine aliyeiona saa ile, tafadhali nitafute siku ya mkutano wetu. Nitakuwa meza ya waliomaliza mwaka 2001.