Majahazi Ukutani: Amana ya Wazee Wetu



 Ndugu msomaji, nina swali. Wewe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, ushawahi kuona jahazi lililochorwa ukutani na wazee wetu wa kale? Yapo, na si mbali.

Karibu na Malindi kuna magofu ya mji wa Gedi. Mji huu ulikuwa na msikiti mkubwa wa Ijumaa, visima, nyumba za mawe, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Mtafiti James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuweka katika orodha ya Turathi za Dunia. Nyumba moja pale yaitwa Nyumba ya Jahazi, kwa sababu ya picha ya jahazi iliyo ukutani. Michoro ya aina hii imepatikana pia Kilwa na Songo Mnara, Tanzania.

Wachoraji hao walikwaruza kwa ncha kali juu ya plasta ya chokaa. Basi picha hizi zina faida gani? Mfano ni mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, chenye tanga la mkeka la pembe nne. Mitepe haisafiri tena. Yule aliyekwaruza ukuta ndiye shahidi wetu. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walichapisha utafiti wao juu ya michoro hii. Wageni waliona thamani yake, sisi je?

Hebu ingia Fort Jesus. Mreno alianza kuijenga mwaka 1593, na askari wake wakachora ukutani meli na watu. Kipande hicho cha ukuta kimehifadhiwa humo humo. Mchoro wa askari Mreno watunzwa, na wa babu yako waharibika kwa mvua, chumvi ya bahari na mizizi ya miti!

Tena si mvua peke yake. Vijana wetu waenda matembezi ya Idd, mmoja achukua msumari aandika jina lake. Na misikiti ya kale, kwa nia njema kabisa, hubanduliwa plasta ya chokaa ikapigwa saruji. Chokaa huacha unyevu utoke. Saruji huuzuia ndani, chumvi ikajikusanya, mwisho ukuta wamomonyoka.

Kuna wanaosema magofu ni mambo ya majini na bid'a, yaachwe yafe. Ndugu yangu, kuhifadhi si kuabudu. Hatuendi kuomba wafu. Qur'ani yenyewe yatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Pale Jumba la Mtwana, Mtwapa, kuna kaburi kando ya msikiti lenye aya inayomkumbusha kila mtu mauti. Hilo si somo?

Sasa tufanye nini? Simu unayo mfukoni. Ukiuona mchoro, usiuguse wala usiupake chaki. Piga picha asubuhi au jioni, jua linapopiga ukuta kwa ubavu, manake hapo mikwaruzo huonekana vizuri. Weka rula kando ili kipimo kijulikane. Andika tarehe, mahali, na ukuta upi. Kisha peleka habari kwa Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus. Sheria ya mwaka 2006 ya Makumbusho na Turathi yalinda mambo haya, lakini sheria haina macho, macho ni yako. Na kamati ya msikiti ikitaka kukarabati, waombe kwa adabu picha zipigwe kabla ya nyundo.

Idd hii, inshaAllah, panda matatu ya Mtwapa na wadogo zako. Muulize pia babu kuhusu vyombo vya zamani, angali hai. Ukuta ukianguka hauchoreki tena.

Allah atujaalie tuwe wenye kutunza amana. Amin.