Jaji Aliyeuza Mji Kabla Haujajengwa

Mwishoni mwa mwaka 1836, baraza la kwanza la kutunga sheria la Wisconsin, Marekani, lilikutana Belmont, kijiji cha nyumba za mbao zisizozuia upepo wa baridi. James Duane Doty alifika na ramani ya mji uitwao Madison. Mji wenyewe haukuwepo. Palikuwa na pori tu katikati ya maziwa ya Mendota na Monona, na sehemu kubwa ya pori hilo ilikuwa mali yake na wabia wake. Husimuliwa kwamba aliwapa wajumbe ngozi za nyati wajifunike. Lisilobishaniwa ni kwamba baadhi yao walipata viwanja humo. Tarehe 28 Novemba, Madison ikapitishwa kuwa makao makuu, na ndivyo ilivyo hadi leo. Dalali yeyote wa viwanja angempa shikamoo.

Doty alizaliwa Salem, New York, mwaka 1799. Mwaka 1820 alisafiri kwa mtumbwi wa magome pamoja na Gavana Lewis Cass kuelekea vyanzo vya Mississippi, na mwaka 1823, akiwa na miaka 23, akateuliwa kuwa jaji wa nchi kubwa iliyo magharibi ya Ziwa Michigan. Alizunguka kusikiliza kesi Mackinac, Green Bay na Prairie du Chien.

Green Bay palikuwa na wafanyabiashara wa manyoya wenye asili ya Kifaransa, waliooa wanawake wenyeji kwa mila ya huko. Mahakama ya Doty iliwashtaki kwa uzinzi; wengi wakaenda kufunga ndoa ya kiserikali ili wasitozwe faini. Ajabu ni kwamba mwaka 1830 jaji huyohuyo aliiheshimu mila. Oshkosh, kiongozi wa wenyeji waitwao Wamenominee, alikuwa amemuua mtu aliyemuua Mmenominee kwa bahati mbaya mawindoni. Doty aliamua kwamba sheria za wageni hazikutungwa kwa mambo ya wenyeji wao kwa wao, akamwachia huru.

Alipokuwa gavana wa Wisconsin, 1841 hadi 1844, aligombana na baraza karibu kila mwaka. Februari 1842, ubishi kuhusu mtu aliyempendekeza kuwa mkuu wa polisi uliishia ukumbini mwa baraza kwa mjumbe James Vineyard kumpiga risasi mwenzake, Charles Arndt, akafa.

Rais Lincoln alimpeleka Doty Utah mwaka 1861 kusimamia mambo ya wenyeji, kisha mwaka 1863 akamfanya gavana. Januari ya mwaka huo, wanajeshi wa Kanali Patrick Connor waliwaua mamia ya wenyeji waitwao Washoshone kando ya Bear River. Doty akasaini mikataba mitano na makundi ya Washoshone na majirani zao. Ule wa Ruby Valley uliwapa wasafiri haki ya kupita. Haukusema kwamba Washoshone wameuza ardhi yao, na wajukuu zao waliupeleka hadi Mahakama Kuu ya Marekani karne iliyofuata.

Doty alifariki Salt Lake City tarehe 13 Juni 1865. Alizikwa Fort Douglas, katika kambi ileile walikotoka wanajeshi wa Connor.